Hapa Ruksa Kulala

Ndundu, Kivukoni
19 Oktoba 1992

Kwa dada yangu Tabu binti Dadi, Mbuchi.

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, wifi yako Shamsia anakusalimu na mguu wake umepoa. Barua hii anakuletea Salumu wa mpunga. Ukimpa chai usimpe na maneno, maana yule akianza hamalizi.

Dada, kaa kitako nikupe habari. Unakumbuka Idd ulipokuja ukanikuta nimejiinamia barazani, ukaniambia mwanamume hafi kwa kufungiwa kiwanda? Basi nimeinuka. Mwanzoni mwa mwezi huu pantoni liliharibika, magari yakapanga foleni kutoka majini mpaka kwenye vibanda vya samaki. Katikati ya foleni palikuwa na gari sijapata kuliona tangu nizaliwe. Ni nyumba, dada. Nyumba yenye magurudumu. Ndani ina kitanda, jiko la gesi, mapazia na beseni la kunawia, na nyuma ina mlango wenye ngazi. Wenyewe ni wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, wanatembea nchi za watu na nyumba yao kama konokono. Mke anaitwa Bi. Hanne. Alikuwa nesi Newala zamani na Kiswahili anakisema vizuri kuliko vijana wetu. Mume ni Bwana Aksel. Huyo neno lake ni asante tu, hata ukimkanyaga.

Akanijia yule mama, mimi nimesimama zangu na panga mkononi. Akaniuliza kwa adabu: hapa kwenu kuna sheria gani ya kulaza gari? Kwao ati hulali unapotaka, kuna vibao, hapa lala, hapa usilale, na ukikosea unatozwa faini. Sasa sheria ya Muhidini mwenyekiti unaijua: mgeni aandikwe kwenye daftari la kijiji, na gari lake lilale mbele ya ghala la ushirika. Nikalifikiria lile ghala, popo juu na mikojo ya mbuzi chini. Nikaona haya kuwapeleka watu wale pale. Nikamwambia mama, siku hizi mambo ni ruksa, mimi nina kiwanja changu bondeni, kisafi, kina kivuli, laleni mpaka pantoni litengenezwe.

Wakalala siku mbili, wakafurahi kweli. Wenzao wanaosafiri na nyumba kama hizo wana gazeti lao la kuambiana wapi pazuri pa kulala, na Bi. Hanne amesema ataandika jina langu. Dada, unaona mambo hayo? Nimekwisha chonga kibao, nimekipaka chokaa na kuandika kwa lami HAPA RUKSA KULALA. Magari ya kwenda kusini yote yanapita hapa. Mwakani ukija utanikuta mtu mwingine.

Walipoondoka walinipa kiti cha turubai, cha kukunja, rangi ya kijani. Nakuandikia nikiwa nimekikalia. Nami sikuwaacha waende mikono mitupu, maana hatukulelewa hivyo.

Nduguyo,
Ukasha Dadi


Mbuchi
8 Novemba 1992

Mdogo wangu Ukasha,

Waalaykum salaam. Barua nimeipata na Salumu alikunywa chai vikombe vitatu, akaongea kwa vikombe sita. Naandika herufi kubwa hivi usinicheke. Jicho la kulia limeingia ukungu, na hili la kushoto linamfuata mwenzake. Lakini kwa elimu ya watu wazima niliyoitafuta nikiwa na mtoto mgongoni, siwezi kumwachia Zuena aniandikie. Mwanangu akiandika anaongeza yake.

Nimefurahi kusikia umeinuka. Nilikuwa naogopa utakaa barazani mpaka uote mizizi. Ila ulivyo mwepesi wa kujisifu hujaacha. Nyumba yenye magurudumu nimeielewa. Kiti nimekielewa. Kisichoingia kichwani ni hicho kiwanja chako cha bondeni. Sisi bondeni tuna kiwanja gani, Ukasha? Tulipohamishwa tukapandishwa huko juu, kilichobaki kule ni mahame ya baba tu. Sina shaka hukuwapeleka kwenye mahame, maana akili unayo. Labda umepewa kipande na Muhidini hukuniambia. Hebu nieleze vizuri.

Na uliwapa nini hao wageni? Kama ni yule jogoo mweupe, Shamsia atakuwa amenuna hadi leo.

Sasa neno langu. Mwezi wa Shaabani ukiingia nitakuja, inshallah, kabla ya mfungo, nimrehemu mama na kumpalilia. Mwaka jana sikuweza kwa sababu ya homa. Nilipofika mara ya mwisho ile sahani ya kaburini kwake ilikuwa inacheza, nikaishindilia udongo. Naomba ushuke ukaiangalie kama bado imekaa imara. Unaijua, ya maua ya buluu, iliyomegeka ukingoni, na aliyeimega ni wewe ulipokuwa unaipiga kama ngoma. Mama alikataa kuitupa. Alikuwa akisema itamkumbusha ujinga wako.

Makaburi manne pale na ni sahani hiyo tu inayosema huyu ni nani. Wewe hukuwepo kwenye maziko, kwa hiyo nakukumbusha. Macho yangu haya nikifika napapasa, mkono ukiigusa nasema, mama, shikamoo, ni Tabu.

Msalimie Shamsia.

Dada yako,
Tabu binti Dadi


Ndundu, Kivukoni
16 Novemba 1992

Kwa Bi. Hanne, kwa anwani aliyoniachia, Masasi.

Salaam nyingi kwako na kwa Bwana Aksel. Natumaini mlifika salama na nyumba yenu haikusumbua kwenye tope.

Mama, nina ombi dogo. Ile sahani niliyokupa siku ya kuagana, ya maua ya buluu, kumbe mke wangu alikuwa akipenda kuilia chakula. Mimi sikujua. Sasa kila siku ananiuliza iko wapi. Kama haijavunjika tafadhali nirudishie, nami nitakutafutia zawadi nyingine, mkeka mzuri wa ukindu au chochote upendacho.

Naomba iwe kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Wapo madereva wa malori wanaopita huko kuja Dar es Salaam, nao wote lazima wavuke hapa. Ukimpa mmoja atanipata pantoni, kila mtu ananijua.

Kiti ni kizuri. Asante.

Wako,
Ukasha Dadi


Ndundu, Kivukoni
17 Novemba 1992

Dada Tabu,

Barua nimeipata. Jogoo yupo.

Habari ya kiwanja ni ndefu, nitakueleza tukionana. Juu ya kuja kwako mwezi wa Shaabani, nakushauri usije. Vuli ya mwaka huu ni mbaya, njia ya bondeni ni tope mpaka magotini, na wewe na macho hayo utateleza bure. Tena wanasema kuna viboko wamepanda mpaka kwenye mashamba. Ngoja Idd ipite, au hata Idd ya Kuchinja, nije nikuchukue mwenyewe.

Mama nitamrehemu mimi. Usiwe na wasiwasi.

Nduguyo,
Ukasha


Masasi
9 Desemba 1992

Bwana Ukasha mpendwa,

Asante kwa barua yako. Tumefika, tupo kwa marafiki zetu wa zamani na tutakaa hapa mpaka mvua zipungue. Mume wangu anasema asante, kama kawaida yake.

Sahani ipo na haijavunjika. Lakini naomba uniruhusu nikuandikie jambo linalonikosesha raha tangu nilipopata barua yako.

Sisi tunaolala ndani ya gari tuna tabia ya kuandika daftari. Kila mahali tulipolala ninaandika: kuna maji au hakuna, ardhi ikoje, nani alitupa ruhusa. Nimefungua ukurasa wa Ndundu. Nimeandika hivi: "Mwenyeji mkarimu sana. Kivuli cha mkwaju. Ardhi laini, asubuhi ya pili tairi la nyuma lilikuwa limetitia. Aksel amejaza shimo." Ulikuwa umekwenda kuulizia pantoni asubuhi ile, kwa hiyo hukuona. Tuna sheria yetu wenyewe, ambayo hakuna serikali iliyotupa: mahali ulipolala usipaache pabaya kuliko ulivyopakuta. Pale bondeni hakuna jiwe hata moja. Aksel alipanda hadi barabarani, kwenye rundo la mawe la watengeneza barabara, akaomba, akabeba moja moja. Ana miaka sitini na nane. Nilimwambia ni shimo dogo, liache. Alisema anaona haya.

Bwana Ukasha, kabla hatujalala nilikuuliza mara mbili kama pale pana makaburi. Nilipokuwa nesi nilikwenda Lindi mara nyingi, na kule niliona sahani na mabakuli juu ya makaburi ya watu. Nilipoiona sahani ile kwenye nyasi nilishtuka. Ulicheka ukaniambia hapana, ni kiwanja chako, na sahani ilitupwa na wavuvi. Kisha ulipotupa mkono wa kwaheri ukaiokota ukanipa. Na mimi nikakubali, kwa sababu nilikuwa nimechoka na mahali palikuwa pazuri. Mtu akitaka kuamini jambo haulizi mara ya tatu. Hiyo ni aibu yangu, si yako.

Sasa unaniandikia kwamba ni sahani ya kulia ya mkeo. Tafadhali niambie ukweli. Tulilala wapi?

Jina la kiwanja chako bado sijalipeleka kwenye gazeti letu. Nasubiri jibu lako. Na ni lazima nikuambie pia, ingawa ni vigumu kuandika: kwa miezi miwili sahani hiyo tumekuwa tukiwekea mapapai mezani. Leo nimeiosha nikaifunga kwenye taulo.

Wako,
Hanne


Ndundu, Kivukoni
27 Desemba 1992

Bi. Hanne,

Mlilala juu ya mama yangu.

Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine nikachana. Sasa nimeiandika hapa na sitachana. Pale ni mahame ya baba yangu. Miaka ya sitini mwishoni, baada ya mafuriko, serikali ilituhamisha bondeni ikatupandisha huku barabarani, nyumba zikaanguka, makaburi yakabaki. Yapo manne: babu, bibi, shangazi na mama. Mama yeye alikufa baadaye, lakini aliomba arudishwe kule kwa wenzake. Sahani ni yake. Wavuvi hawahusiki. Mke wangu naye nimemsingizia, hajawahi kuigusa.

Usiniulize kama nilijua. Nilijua. Nilifyeka nyasi mwenyewe kabla ya gari lenu kushuka, nikalizunguka kaburi lile kwa panga. Nilijisemea watalala siku moja tu, na mama hatasema kitu.

Nitakueleza sababu, si kwamba inanisafisha. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo Dar es Salaam miaka kumi na saba. Mwaka jana kikafungwa, tukaambiwa mambo yamebadilika, kila mtu ajitafutie. Nikarudi hapa na sanduku moja. Watoto niliowaacha wadogo sasa ndio wananiuliza, mzee, unafanya kazi gani? Wewe uliponiuliza kiwanja ni cha nani, nikasema changu. Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni, mama. Ningekuambia ni makaburi mngekwenda kulala mbele ya ghala, na mimi ningebaki nimesimama na panga langu.

Siku ya kuagana mlinipa kiti pale bondeni, mbele ya watu wa pantoni waliokuja kuwaita, sina cha kuwarudishia. Kwetu ukipewa ukaondoka hivi hivi ni fedheha. Nikaona macho yako yako kwenye sahani. Nikakimbia aibu ndogo nikaingia kubwa.

Jina langu usilipeleke kwenye gazeti. Kibao nimekitoa, kiko chini ya kitanda. Sahani naomba uniletee upesi, dada yangu anakuja mwezi wa Shaabani na ndiyo anayolijulia kaburi. Mimi sikumzika mama, na magurudumu yamesawazisha pale, kwa hiyo siwezi tena kusema ni lipi kati ya manne. Nimeshuka mara mbili nikasimama kama mgeni. Mawe ya Bwana Aksel sikuyaona, nyasi zimerudi na mvua imeleta tope, au labda sikutaka kuangalia sana.

Mwambie Bwana Aksel asante. Nimeliona sasa neno lake lilivyo.

Ukasha Dadi


Mbuchi
3 Februari 1993

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, Ukasha,

Nimekuja na nimerudi, wewe sikukuona. Shamsia ameniambia umekwenda Kibiti tangu juzi kufuatilia shughuli, hakujua ni shughuli gani. Uliniambia nisije kwa sababu ya tope na viboko. Tope lilikuwepo, kiboko sikumwona hata mkia, na Zuena alinishika mkono tukashuka polepole. Sasa nimejua kwa nini ulinizuia. Ulitaka umalize kwanza ndipo nione.

Ukasha, nimeyaona mawe.

Sikuyaona kwa macho, nimeyaona kwa mkono. Sahani sikuigusa mahali pake, nikamwambia Zuena nipeleke kwenye mkwaju. Mimi siku namzika mama nilihesabu, hatua saba kutoka kwenye shina, uso ukiwa mtoni. Nimezihesabu tena. Kwenye ya saba nikachuchumaa nikafunua nyasi, vidole vikaangukia jiwe. Halafu jingine. Yamepangwa, yamebanwa vizuri kwenye udongo, kumi na matatu. Bondeni kule ambako mtoto hana hata jiwe la kurushia ndege. Nimejua umeyabeba kutoka barabarani, kwa mgongo huo wako uliokuwa ukiulalamikia. Na sahani nimejua umeipeleka nyumbani isiibiwe mpaka umalize. Nililia mpaka Zuena akaogopa.

Nikuambie jambo ambalo sijapata kukuambia. Mama alipokufa nilikupigia simu ya maandishi kule posta, na hukuja. Ulikuja baada ya siku ishirini, na suruali mpya. Sikukusema, lakini nilikuwekea neno hilo moyoni miaka kumi na minne. Kila ukiniamkia lilikuwepo. Hata Idd nilipokuambia uinuke, lilikuwepo. Safari hii pale chini nimelitoa. Nimesema kwa sauti, mama, huyu mwanao amekuja, kachelewa lakini amekuja, na mimi nimemsamehe.

Nimerudi Mbuchi nimewaambia watu wote. Ijumaa tumesoma khitma, imamu amekutaja jina. Mungu akuweke, mdogo wangu. Akulipe kila jiwe.

Dada yako anayekupenda,
Tabu binti Dadi


Ndundu, Kivukoni
9 Februari 1993

Dada Tabu,

Mawe si yangu.

Soma mpaka mwisho, na ukishindwa mpe Zuena akusomee, hata akiongeza yake hataweza kunifanya mbaya zaidi.

Mawe aliyaweka yule mzungu, Bwana Aksel. Aliyaweka kwa sababu tairi la gari lake lilititia pale. Lilititia pale kwa sababu gari lilikuwa pale. Na lilikuwa pale kwa sababu mimi niliwapeleka. Kile kiwanja changu cha bondeni ni mahame ya baba, kama ulivyojua tangu barua yako ya kwanza ukajizuia kunidhania. Uliandika kwamba akili ninayo. Nimekaa na maneno hayo miezi mitatu.

Na sahani sikuiweka nyumbani. Niliwapa. Uliniuliza kama ni jogoo, nikakujibu jogoo yupo, nikaona nimejibu kwa ujanja. Walinipa kiti nami nikawapa sahani ya mama. Wameiwekea mapapai, dada. Yule mama ameniandikia mwenyewe, bila kulazimishwa, na karatasi yake ilikuwa imelowa mahali hapo.

Viboko niliwatunga. Kibiti sikuwa na shughuli. Nilisikia kwa Salumu kwamba umepanda mtumbwi, nikachukua basi la asubuhi, nikakaa stendi siku tatu nikiangalia watu wanauza machungwa. Nilikukimbia. Nimekimbia maziko ya mama na sasa nimemkimbia aliyemzika. Simu yako ya maandishi niliipata siku ile ile, na hilo nalo hulijui. Niliogopa kuja mikono mitupu. Nikasubiri mshahara, nikanunua ile suruali ili watu wasiseme Ukasha karudi kama alivyokwenda. Maisha yangu yote naogopa mikono mitupu, na tazama nimejaza nini.

Barua yako ya juzi Shamsia aliisoma kwanza. Akalia kwa furaha, akaenda kuwaambia majirani. Asubuhi Muhidini mwenyewe alikuja kunipa mkono, ati nimewapa vijana mfano. Nikampokea mkono, dada. Nikasema amin. Ningeweza kunyamaza. Wewe huoni, mzungu yuko mbali, mawe hayasemi. Nimelala nayo siku mbili hiyo fikra, na yenyewe haikunifukuza. Niliyeiacha ni mimi. Imamu ametaja jina langu mbele ya Mungu kwa kazi ya mtu mwingine; hilo sikuweza kulimeza.

Sahani imefika. Dereva mmoja wa lori aitwaye Husseini aliileta Jumapili, imefungwa kwenye taulo jeupe, na barua ya maneno mawili: tusameheni sote. Ipo hapa mezani. Sijaigusa tangu nilipoifungua. Pale ilipomegeka pako vilevile.

Sikuombi msamaha wa pili, maana wa kwanza nimeuiba. Nakuomba uniambie la kufanya.

Ukasha


Mbuchi
15 Februari 1993

Ukasha,

Nimeisoma mwenyewe. Zuena sikumpa.

Nilitafuta la kukutukana tangu jana nikakosa, sijui ni uzee au ni uchovu. Halafu nikaona sina haja, umejitukana vya kutosha na kwa mwandiko mzuri. Kujisema ni kazi nyepesi kwako kama kujisifu. Kwa hiyo sitaki maneno tena.

Watu wa Mbuchi nimekwisha waambia mdogo wangu amemjengea mama. Sina miguu ya kuzunguka nyumba hadi nyumba nikisema nilikosea. Neno langu utalifanya la kweli wewe. Babu hana mawe, bibi hana, shangazi hana. Nenda barabarani, omba kama mzungu alivyoomba, ubebe kichwani mchana watu wakikuona. Wakikuuliza ni ya nini waambie, na wakikuuliza kwa nini waambie vilevile. Muhidini awe wa kwanza, tena mrudishie mkono wake. Afungue daftari lake aandike wageni wale walilala wapi na nani aliwapeleka.

Mawe kumi na matatu ya mama usiyaguse. Yule mzee hakujua pale kalala nani, akaona haya, akaenda kubeba. Wewe ulijua.

Na ule msamaha, niliutoa kwa mtu aliyeweka mawe. Kumbe ndiye Bwana Aksel. Basi ni wake, mwandikie mkewe amwambie dada wa Ukasha amemsamehe na amemwombea dua. Wako bado sijautoa. Upo, sijaula, lakini sijautoa.

Nakuja Jumamosi, kabla mwezi haujaandama. Safari hii usipande basi. Tutashuka wote mpaka kwenye mkwaju, nitakuhesabia hatua saba, na sahani utaiweka wewe kwa mikono yako, uchimbe, ushindilie, nami nikwambie kama imekaa. Siku ile tulimzika tukiwa pungufu mtu mmoja.

Kile kiti cha kijani ukibebe. Nitakikalia mimi, nikusikilize ukichimba.

Dada yako,
Tabu binti Dadi